Jembe la Mwezi Machi

Msomaji, ukifungua vitabu vya nchi za Ulaya utakuta sifa nyingi za majira ya machipuko. Theluji huyeyuka, miti iliyokuwa mitupu huvaa majani, na watu waliojifungia ndani kwa miezi mingi hutoka na majembe yao kuipindua ardhi. Sisi wa Nakuru hatuna majira hayo. Mji wetu uko kusini ya ikweta kwa mwendo mfupi tu, na jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Mmea wetu haungoji joto ili uchipue, wangoja maji. Kwa hiyo machipuko yetu huletwa na wingu, na mwezi wake ni Machi.

Katika Januari na Februari upepo huinua vumbi jepesi na kulitupa juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya macho ya wapita njia. Husemwa kwamba hata jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kisha, alasiri moja, wingu zito husimama juu ya mlima Menengai, radi hunguruma, na matone ya kwanza huiangukia ardhi na kuamsha harufu ambayo kila mtoto wa Bonde la Ufa aijua. Asubuhi ya siku ya pili, nyuma ya nyumba nyingi, utasikia sauti moja: jembe likiingia katika udongo.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na somo langu ni historia. Kila mwaka, mvua ikikaribia, huwapa wanachuo wangu kazi moja ambayo mwanzoni huwashangaza. Huwaambia wasiende maktabani, bali waende katika bustani ya nyumbani kwao, na kila mmea watakaoukuta wauulize maswali matatu. La kwanza: asili yako ni wapi? La pili: nani alikuleta hapa? La tatu: zamani nani alikuwa na ruhusa ya kukupanda, na nani hakuwa nayo? Maswali mawili ya kwanza huwafurahisha. La tatu huwanyamazisha. Leo nataka tuyaulize pamoja, mimi na wewe.

Tuanze na bustani yenyewe. Tuseme ni kipande kidogo nyuma ya jiko, huko Njoro, Bahati au Molo. Upande mmoja pana mistari ya mahindi, na katikati yake maharagwe. Karibu na mlango pana matuta ya sukuma wiki, kabichi na vitunguu. Nyanya zimeegemezwa juu ya vijiti. Malenge yatambaa mpaka kwenye ua. Pembeni, mahali palipotupwa majivu na samadi, mnavu na mchicha vimeota vyenyewe bila kupandwa. Na kando ya njia pana maua: waridi moja au mawili, na kama nyumba iko juu penye baridi, huenda pakawa na kishada cha maua meupe yenye kitovu cha manjano, nayo ni pareto.

Hebu tuyaulize swali la kwanza. Mahindi yatajibu kwamba yametoka Meksiko. Maharagwe, malenge na nyanya zitasema kwamba nazo ni za bara la Amerika, na kiazi kitasema kwamba kilizaliwa katika milima ya Peru. Mimea hiyo ilivuka bahari baada ya Wazungu kulifikia bara hilo mwaka 1492, na Wareno, ambao merikebu zao zilifika pwani yetu mwaka 1498, ndio wanaotajwa sana kwa kuyaleta mahindi huku. Kabichi na sukuma wiki ni ndugu wa ukoo mmoja, na asili yao ni pwani za Ulaya. Kitunguu kimetoka Asia. Pareto imetoka Dalmatia, pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia. Mimea mingapi basi ni wenyeji wa Afrika? Tutaikuta kunde, tutaikuta wimbi na mtama kama vimepandwa, na tutaukuta mmea mmoja ambao watu wengi hawautazami tena: mbuyu mdogo utambaao, uzaao vibuyu vya maziwa na vya kutilia mbegu.

Kibuyu hicho kitatuongoza katika swali la pili, kwa maana ni mzee wa mimea yote ya bustani hii. Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walichimba katika pango moja kando ya mto Njoro. Walikuta makaburi ya watu waliochomwa moto walipokufa, na pamoja nao mabakuli ya mawe, michi ya kusagia, shanga, na mabaki ya kibuyu yaliyogeuka makaa. Watu wale waliishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Walikuwa wafugaji. Angalia hapa, msomaji, namna mwanahistoria anavyopaswa kuchunga ulimi wake. Kibuyu kile hakithibitishi kwamba walilima bustani kama zetu. Chathibitisha tu kwamba walikijua kibuyu na kukithamini hata wakakizika pamoja na wafu wao. Ushahidi ukisema neno moja, tusiusemeshe matatu.

Baada yao walikuja wengine wengi, na katika karne ya kumi na tisa nyanda hizi zilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Wakulima walikaa pembeni, katika milima yenye misitu na mvua nyingi. Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ukalifikia ziwa Viktoria. Serikali ya Kiingereza ilitaka reli hiyo ipate mizigo, ikaona kwamba njia ni kuwaita walowezi waje kulima. Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mapatano yaliyowaondoa katika bonde hili. Baadhi walipelekwa kusini na wengine Laikipia, na wale wa Laikipia nao wakahamishwa tena baada ya mapatano ya mwaka 1911. Ardhi waliyoiacha ikagawiwa. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1915 mlowezi aliweza kupewa shamba kwa muda wa miaka 999.

Sasa tumefika kwenye swali la tatu, nalo ndilo zito.

Shamba la maelfu ya eka halilimwi na mtu mmoja. Walowezi walihitaji mikono, na mikono ilikuja: Wakikuyu wengi, na pia Wakalenjin, Waluhya, Waluo na Wakisii. Wengi wao hawakuja kwa ajili ya mshahara tu, maana mshahara ulikuwa mdogo sana. Walikuja kwa sababu waliahidiwa kipande cha ardhi cha kulima na malisho ya mifugo yao. Watu hao waliitwa maskwota. Kwa sheria ya mwaka 1918 skwota alitakiwa kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka, na kwa kazi hiyo akapata ruhusa ya kukaa na kulima. Basi katika shamba moja palikuwa na bustani mbili. Moja ilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, yenye waridi, karoti na kabichi, nayo ilipaliliwa na mtu wa kuajiriwa. Ya pili ilikuwa kandokando ya kibanda cha mfanyakazi, yenye mahindi, maharagwe, viazi na mboga za kienyeji, nayo ilipaliliwa na mkewe na watoto. Mvua iliyonyesha juu ya bustani hizo mbili ilikuwa moja. Ruhusa haikuwa moja.

Huenda ukasema: bustani ya mboga ni kitu kidogo, yawezaje kuwa jambo la historia? Nitakujibu kwa kukukumbusha kalenda ya mkulima. Mahindi ya nyanda hizi za juu huchukua miezi sita au zaidi mpaka yavunwe. Mvua ikinyesha mwezi Machi, ghala limekwisha kupungua, na shamba lote la kijani halina bado hata punje moja ya kutia chunguni. Huo ndio wakati mgumu: nje pamestawi, ndani pana njaa. Ni nani huilisha nyumba katika miezi hiyo? Ni mnavu, ambao baada ya majuma manne au matano waweza kuchumwa. Ni mchicha, na majani ya kunde, na majani machanga ya malenge. Bustani ndogo ndiyo daraja baina ya mavuno ya jana na mavuno ya kesho. Mwenye kumnyima mtu bustani amemvunjia daraja.

Na daraja hilo lilivunjwa kidogo kidogo. Walowezi waliona kwamba skwota mwenye mahindi mengi na mbuzi wengi hakuwa na haja kubwa ya mshahara wao. Ikatungwa sheria ya mwaka 1937, iliyozipa halmashauri za wilaya, ambazo walowezi ndio waliozitawala, uwezo wa kupunguza eka za maskwota, kupunguza mifugo yao, na kuongeza siku za kazi hata zikafika 270 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: mtu akitoa siku 270 katika 365, amebakiwa na siku 95 za kulima, kupalilia, kuvuna, kujenga, kuuguza na kuzika. Na siku zake 95 hazikuchaguliwa naye. Mvua ya kwanza iliponyesha, mwenye shamba alihitaji mikono yote siku ile ile. Aliyewahi kupanda mahindi anajua kwamba kuchelewa hata majuma mawili ni kupunguza mavuno.

Mwaka 1941 baadhi ya watu waliokuwa wameondolewa kwingineko walipewa makazi Olenguruone, katika nyanda za juu za magharibi ya Nakuru. Serikali iliwapa ardhi pamoja na masharti: namna ya kulima, cha kupanda, na cha kutopanda. Wao walisema kwamba ardhi ile ilikuwa fidia ya ardhi waliyopoteza, kwa hiyo ilikuwa mali yao, na mtu haamriwi juu ya mali yake. Mabishano yalidumu miaka. Watu wakala kiapo cha umoja. Mwisho wake wakafukuzwa mnamo 1949 na 1950, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kame. Wanahistoria waielezapo vita ya Mau Mau huitaja Olenguruone miongoni mwa chemchemi zake. Ona basi jinsi swali la nani aamue kinachopandwa katika tuta lilivyokua likawa swali la nani aitawale nchi.

Katika mashamba hayo hayo alikaa mtoto mmoja ambaye baadaye ulimwengu wote ulimjua. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri mwaka 1940, na alipokuwa mdogo mama yake alimchukua kwenda Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi. Mwaka 1947 walirudi Nyeri, kwa kuwa huko shambani hapakuwa na shule. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 2006, asimulia kwamba mama yake alimpa kibustani chake mwenyewe ndani ya shamba la familia, naye kwa kukosa subira akawa akizifukua mbegu kutazama kama zimeota. Mama akamfundisha kuziacha. Mtoto huyo ndiye aliyeanzisha harakati ya kupanda miti mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sidai kwamba kibustani kile kilizaa tuzo ile. Nasema tu kwamba mtu hujifunza kuipenda ardhi kwa kupewa sehemu yake ya kuitunza.

Tusiyasahau maua, maana nayo yana hadithi yao. Pareto ililetwa Kenya mwaka 1928. Ukilitazama ua lake utadhani ni pambo tu, lakini ndani ya kichwa chake mna sumu iuayo wadudu na isiyomdhuru sana binadamu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuikuza. Vita ilipozuka, nchi zilizopigana na Japani zilikosa pareto yake, nazo zilikuwa na askari wengi walioumwa na mbu na chawa. Hivyo pareto ya Kenya ikatafutwa sana. Wanawake na watoto wa maskwota waliichuma kwa ujira mdogo katika mashamba ya walowezi. Ni baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, na zaidi baada ya uhuru, ndipo wakulima wadogo wa Kiafrika walipopata nafasi pana ya kupanda mazao ya kuuza kwa faida yao. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, na makao ya Bodi ya Pareto yalikuwa hapa hapa Nakuru. Mwanzoni mwa karne hii kilimo hicho kilididimia, na wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Ukikiona leo kishada chake kando ya njia, jua kwamba ua hilo zamani lililipa karo za shule.

Naomba sasa ruhusa yako nimtaje mtu mmoja ambaye hayumo katika vitabu. Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa katika shamba la mlowezi upande wa Molo. Mwaka 1953, katika hali ya hatari, maelfu ya Wakikuyu walikusanywa kutoka Bonde la Ufa na kurudishwa katika nchi ya Wakikuyu, ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Yeye alikuwa msichana mdogo. Alikumbuka mambo mawili: kwamba maharagwe yao yalikuwa yametoa maua, na kwamba mama yake alipanda lori akiwa na kibuyu cha mbegu chini ya shuka. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 alirudi, na yeye na mumewe wakachanga fedha pamoja na wenzao mpaka wakapata eka mbili walizoweza kuziita zao. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini kila mwaka huhifadhi mbegu, na dukani zimejaa. Akaniambia, “Mjukuu wangu, shamba lilikuwa la bwana, mvua ilikuwa ya Mungu. Chetu kilikuwa mbegu.”

Kisha ukaja mwaka 2008. Unajua yaliyotokea baada ya uchaguzi wa mwezi Desemba 2007. Kama hujui, waulize wakubwa wako, nao wakujibu kwa upole. Majirani waliokuwa wakikopeshana jembe walikimbiana. Nami nilikuwa kijana wa shule ya sekondari kama wewe. Nilikwenda kumtazama bibi katika mahema ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na nikamkuta anatoboa kopo kuukuu kwa msumari. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari. Machi ilikuwa inaingia. Aliniomba nimtafutie udongo mweusi na samadi kidogo, akajaza makopo matatu, akatia mbegu za mchicha, akayapanga mlangoni pa hema. Nikamwuliza, “Bibi, utakaa hapa mpaka uvune?” Akasema, “Sijui nitakaa wapi. Najua kwamba mvua imenyesha.”

Tangu siku ile nimeifahamu historia ya bonde hili kwa namna nyingine. Wamaasai waliondolewa penye malisho yao. Maskwota waliondolewa penye maharagwe yao. Na sisi wenyewe, tukiwa huru na wenye bendera, tuliondoana. Kila mara aliyefukuza alikuwa na hoja yake, na kila mara mvua ya Machi ilinyesha juu ya matuta yasiyo na mtu. Kuna wanaosema historia hufundisha kudai. Ni kweli, na haki hapana budi idaiwe. Lakini itazame tena bustani yetu: Meksiko imesimama kando ya Peru, Ulaya kando ya Asia, na kibuyu cha Afrika chatambaa baina yao. Mimea hiyo yote ilikuwa wageni au wenyeji wakati fulani, na leo twaiita yote kwa majina yetu na kuila katika sinia moja. Bonde lililojua kuipokea mimea ya mabara manne haliwezi kushindwa kuwapokea watu wa makabila yake.

Basi, msomaji, mvua zikianza mwaka huu, usimwachie mama yako kazi yote. Shika jembe. Andaa kitalu cha sukuma wiki, changanya samadi na udongo, na uache kona moja kwa mnavu. Ukimaliza, kaa kitako karibu na mtu mzima wa nyumba yako, au wa nyumba ya jirani asiye wa kabila lako, umwulize: bustani yako ya kwanza ilikuwa wapi, nani alikupa ruhusa ya kuilima, na uliiachaje? Andika majibu yake katika daftari, na andika tarehe. Usimkatize akinyamaza.

Utakapokuwa unaandika, mbegu zako zitakuwa chini ya udongo. Usizifukue kutazama.